Redio za Lugomba

Lugomba mtu akifa, cha pili kunyamaza ni redio. Hakuna mahali palipoandikwa hivyo, wala mwenyekiti wa kitongoji hajawahi kulitangaza. Kilio kikitoka kwenye nyumba moja, nyumba ya jirani wanazima redio ili wasikie kinatoka wapi. Nyumba ya pili wanazima kwa sababu ya kwanza wamezima, ya tatu vivyo hivyo, mpaka mlima mzima, toka kijitoni hadi mnara wa simu, unakuwa kimya. Hapo ndipo utaona wanawake wanajifunga khanga viunoni na wanaume wanapanda kutoka mashambani na majembe begani. Nani atakuwa wa kwanza kuzima, hakuna anayejiuliza. Mkono unakwenda wenyewe.

Jumamosi ile kilio kilitoka kwa Mzee Alphonce, mchana, wakati maharage ya watu yanachemka. Othmar, jirani yake, alikuwa sebuleni na gitaa pajani anakaza uzi. Huyu ni mkulima wa kahawa wa miaka hamsini kasoro, mwenye vidole vinene ambavyo usingedhani vinajua kitu zaidi ya mpini, lakini gitaa kavu, lile lisilo la umeme, alilipiga kanisani tangu ujana na hakuna aliyemfikia. Binti yake Glorious alikuwa sakafuni mbele ya kompyuta aliyoazima kwa Hafidha, mwenye duka la steshenari mjini Mbinga alikokuwa akifanya kazi. Wote wawili walikisikia kilio. Wakatazamana, kila mmoja akiomba kiwe kimetoka mbali.

Redio ya jirani ikazimika. Ikazimika na ya ng'ambo ya kijito. Eunice, mke wa Othmar, akaingia na mwiko mkononi.

"Ni Mzee Alphonce," alisema. "Amekwenda."

"Lo! Leo?" alisema Othmar, na papo hapo akaona aibu, kwa sababu hilo "leo" lilimtoka kabla ya pole.

Leo ndiyo ilikuwa siku yake. Ndani ya ile kompyuta kulikuwa na ulimwengu wa kutengeneza, wenye bahari yake, mwezi wake na kumbi zake, na watu wa nchi mbalimbali waliingia humo kwa vijimtu vya kuchorwa. Aliyeko Brazili na aliyeko Poland wanakaa benchi moja na kuzungumza. Mama mmoja Mreno alikuwa na ukumbi humo, na mara moja kwa mwezi aliandaa jioni ya gitaa kavu: wapigaji watatu, papo kwa papo, hakuna cha kurekodi kabla. Glorious alimwandikia muda mrefu akimsifia baba yake, na hatimaye jina la Othmar lilikuwa limebandikwa langoni mwa ukumbi. Katika maisha yake yote jina hilo lilikuwa halijawahi kubandikwa popote isipokuwa kwenye orodha ya waliochelewesha michango ya shule.

"Baba, ukiikosa zamu hupewi nyingine," Glorious alisema kwa sauti ya chini. "Kuna watu wamesubiri mwaka mzima."

"Kuna msiba, mwanangu."

"Msiba uko huku. Kule hakuna msiba. Tutaziba dirisha kwa godoro, nani atasikia?"

Othmar alilitazama dirisha. Alishusha gitaa, lakini hakulirudisha kwenye mfuko wake.

"Othmar!" Sauti ilitoka chumba cha ndani.

Alikuwa mama yake, Bibi Hildegardi. Tangu mvua za kwanza alikuwa wa kitandani, miguu imevimba na pumzi inakatika kila akigeuka, ila kichwa chake kilikuwa kizima kuliko vichwa vyote vya nyumba ile. Katika ugonjwa wake aliomba jambo moja tu: azikwe na watu. Lugomba yote alikuwa ameizika yeye. Ameosha maiti za wanawake, amekoroga uji wa waombolezaji, amelala sakafuni kwenye matanga ya watu hata wasio wa ukoo wake. Kwa hiyo alijua nani atambeba, nani ataongoza wimbo na nani atalia sana kwa kujionyesha, na kulijua hilo kulimpa usingizi kuliko vidonge vya hospitali.

"Nani kaenda?" aliuliza.

"Mzee Alphonce, mama."

Bibi akafanya ishara ya msalaba. "Masikini. Na aliniahidi kwamba jembe la kwanza kwenye kaburi langu litakuwa lake. Haya. Weka hicho chombo juu ya dari, uende."

"Nakwenda sasa hivi."

"Nimesema juu ya dari, Othmar. Mimi nimevimba miguu, sikuvimba masikio. Ukiwakosea hawa watu, wewe utabaki unatembea. Atakayehitaji kubebwa ni mimi."

"Mama nawe! Nani kasema nitawakosea?" Akacheka kidogo, akachukua shoka, akatoka. Gitaa aliliacha limeegemea ukutani.

*

Msibani Othmar alipasua kuni mpaka shati likamganda mgongoni. Watu waliona na walisema vizuri juu yake. Damiano, mtoto mkubwa wa marehemu, mwenye mashine ya kumenyea kahawa ambayo nusu ya Lugomba waliitegemea, alimfuata pale kwenye magogo akampa maji.

"Asante, kaka," alimwambia. "Kaburi tutachimba kesho alfajiri. Wewe ndiye utaongoza vijana, maana hawajui kukata udongo huu wa mfinyanzi."

"Tuko pamoja, Damiano."

Jua likaanza kushuka. Wanaume walikuwa wamewasha moto wa kukesha, wanawake wanapika nyuma ya nyumba, Eunice akiwa miongoni mwao, ameshika sufuria kubwa la maharage. Othmar alitazama moto, akatazama kilima ilikopanda njia ya nyumbani. Alikuwa na nia ya kusema kwamba amechoka, na angeeleweka, maana kuni zilionekana. Lakini kuchoka hakumpi mtu ruhusa ya kutorudi mpaka asubuhi. Alipofika mbele ya Damiano, neno lililomtoka likawa jingine.

"Ndugu yangu, nimeitwa nyumbani. Mama amezidiwa."

Damiano alisimama mara moja. "Amezidiwa? Bibi Hildegardi? Twende!"

"Hapana, hapana. Wewe una maiti ndani. Nitamkalia mwenyewe."

"Jamani! Siku moja wazee wawili!" Damiano alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, machozi yakamlenga upya. "Nenda, nenda. Kikitokea chochote, piga kelele tu."

Othmar akapanda kilima haraka. Alishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi.

*

Godoro lilikuwa tayari dirishani. Glorious alimvalisha baba yake visikilizio, akamweka maikrofoni karibu na tundu la gitaa, akamgeuzia kompyuta.

"Huyo ndiye wewe, baba."

Kwenye kioo, chini ya mwezi mkubwa, alisimama kijimtu chenye suti nyeupe na kofia nyeupe.

"Mbona umenivika kama bwana harusi?"

"Suti ndiyo ya bure. Nguo za shamba zinauzwa."

"Dunia gani hiyo! Matambara yanauzwa, suti ya bure!" Akacheka, na kicheko hicho kilimwondolea hofu.

Mbele ya kijimtu chake kulikuwa na mabenchi ya mbao ufukweni. Watu walikuwa wamejaa: mbweha aliyevaa tai, msichana mwenye nywele za kijani, mmoja mwenye mabawa meupe makubwa yaliyofunika wawili waliokaa nyuma yake. Wawili waliotangulia walikuwa wamekwisha kupiga. Mama Mreno akamtaja Othmar kwa matamshi yaliyolivunja jina vipande, na maandishi ya kumkaribisha yakaanza kupanda pembeni mwa kioo.

Alianza na wimbo wa taratibu, wa kuchimba ngolo, yale mashimo ya kulimia mlimani. Alipomaliza, kioo kilijaa mioyo myekundu. Glorious alimsomea: "Wanasema hawajawahi kusikia gitaa la namna hii. Huyu anauliza ulijifunza wapi. Huyu analia, baba, kasema analia!" Othmar alisogea karibu na kioo. Kanisani huwa wanamwambia apunguze mbwembwe. Kilabuni huwa wanamwambia apige ule wa zamani, kisha wanaendelea kuongea. Hapa watu walikuwa wamekaa kimya kumsikiliza, na wengine walikuwa wamevuka bahari, kwa namna yao, ili wamsikie yeye.

"Mama wa ukumbi anaomba wa furaha," Glorious alisema. "Wa kucheza."

Akapiga ule wa harusi. Akauimba kwa sauti yake yote, mguu unagonga sakafu, na Glorious akabonyeza mahali, kijimtu cha suti nyeupe kikaanza kukata kiuno. Mabenchi yakainuka. Mbweha anacheza, mwenye nywele za kijani anacheza, yule wa mabawa akapaa juu ya watu akizunguka. Ukuta wa chumba cha Bibi ulikuwa unagongwa kwa fimbo, ngo, ngo, ngo, lakini Othmar alikuwa na visikilizio masikioni, na Glorious alidhani bibi yake anafuata mdundo.

Sasa turudi msibani. Damiano hakutulia. Alikwenda nyuma ya nyumba akamwambia Mama Hamphrey, kiongozi wa akina mama wa jumuiya: "Acheni kupika kwanza, mkamwangalie Bibi Hildegardi. Baba hana haraka tena. Yule bado tunaweza kumkuta."

Eunice aliposikia akaangusha mwiko. "Mama amezidiwa? Nani kasema?"

"Mumeo. Kapita hapa anakimbia."

Eunice alikimbia kilimani bila viatu, analia, na wanawake wanne nyuma yake, Mama Hamphrey akiwa na sufuria la uji wa ulezi alilofunga kwa kitenge ili usipoe. Mmoja alikuwa ameshaanza kuimba wimbo wa kumsindikiza mtu, kwa pumzi iliyokatika. Walipofika uani wakasikia gitaa. Wa kwanza kusimama alikuwa Mama Hamphrey. Eunice hakusimama, alisukuma mlango.

Wimbo wa harusi ukawapokea wote watano.

Othmar aliona kivuli, akageuka, na mkono ukabaki hewani juu ya nyuzi. Walikuwa wamesimama mlangoni na khanga za msiba vichwani. Kwenye kioo watu waliendelea kupiga makofi, mioyo inapanda.

"Mimi sijambo," ilisema sauti ya Bibi kutoka ndani. "Mama Hamphrey, ni wewe? Mimi sijambo. Nimemgongea ukuta mpaka mkono umekufa ganzi."

Mama Hamphrey aliingia hatua moja, akainama kutazama kompyuta.

"Huyu wa suti ndiye wewe?"

"Ndiye… ndiye mimi, Mama Hamphrey."

"Unacheza."

"Kinacheza chenyewe," Glorious alidakia. "Ukikibonyeza kinacheza chenyewe, mama, siyo baba."

"Na huyu mwenye mabawa?"

"Ni msikilizaji tu."

"Ahaa." Mama Hamphrey akaweka sufuria la uji sakafuni pale mlangoni, taratibu, asimwage hata tone. "Bibi, uji wako huu hapa. Usiku mwema." Akatoka, na wenzake wakamfuata. Afadhali wangetukana.

*

Alfajiri Othmar alikwenda na jembe lake kuchimba kaburi. Alilikuta limeshachimbwa, kingo zimenyooshwa vizuri, vijana wanakung'uta udongo miguuni. Hakuna aliyemfukuza. Alizika pamoja na wengine, akatupa udongo wake, akasema pole na akajibiwa asante. Aliporudi alimwambia Eunice, "Unaona? Yamekwisha." Eunice alikuwa anaosha lile sufuria la uji.

Alilirudisha siku hiyo hiyo. Mama Hamphrey alikuwa anapeta maharage uani.

"Shoga, nimekuletea sufuria lako."

"Kaa nalo."

"Nikae nalo vipi? Ni lako."

"Mtawapikia wageni wenu. Nyie mna wageni wengi." Akaendelea kupeta.

Ndivyo ilivyokuwa. Hakuna kikao kilichokaa, hakuna aliyetamka kwamba nyumba fulani itengwe. Othmar akisema njiani, "Tumsifu Yesu Kristo," mtu anajibu, "Milele amina," maana hilo halijibiwi kwa ajili ya Othmar, kisha anapita. Zamu yake ya ngokela ilipofika, ile kazi ya kulimiana kwa kundi, Eunice alipika ugali wa watu ishirini na akina Othmar wakaula siku tatu. Kanisani kiti cha mpiga gitaa kilikuwa na kijana mwingine, hajui hata kukaza nyuzi. Kahawa ilipoiva, Othmar aliipeleka kwa Damiano kwenye mashine.

"Imeharibika," mke wa Damiano alimwambia kupitia dirishani.

Jioni, kutoka kwake, Othmar aliisikia mashine ikinguruma. Kahawa yake ilichachia kwenye magunia.

Glorious alikuwa amerudi kazini mjini. Siku moja alipiga simu kumwambia kuwa mama Mreno anamwulizia, anataka ampe jioni nzima peke yake. Othmar alikata simu. Baadaye akampigia tena mtoto akamwomba radhi.

*

Aliyemshtua ni Bibi.

"Mama Hamphrey hajaja wiki hii?" aliuliza, kama alivyouliza wiki iliyotangulia.

"Alikuja, umelala," alisema Eunice.

"Alinikuta nimelala na mara ile nyingine?"

"Ndiyo, mama."

"Basi nina usingizi mwingi sana siku hizi." Akageukia ukutani. Pumzi yake ilikuwa imeshaanza kupiga filimbi.

Othmar akafungua zizi, akamtoa beberu wake pekee, akamkokota kwa kamba mpaka kwa Damiano mchana kweupe ili kila mtu aone.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Kaa," alisema Damiano, akamtolea kiti. Alikuwa mtu mwenye adabu, na adabu yake ilimtisha Othmar kuliko ngumi.

"Nimekosa, ndugu yangu. Nitozeni. Huyu mbuzi ni wa kuanzia tu."

"Nani kakushtaki?"

"Hakuna. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe."

Damiano alimtazama beberu, akamtazama Othmar. "Othmar, ungeniambia nina shughuli zangu, ningekasirika, yakaisha. Ungeniambia nimechoka, ningekwambia kalale. Lakini baba yangu yuko ndani amefunikwa shuka, wewe umenitazama machoni ukaniambia mama yako anakufa. Na mimi nikakulilia. Niliwatoa wanawake jikoni kwangu, waombolezaji wakalala njaa, kwa ajili ya mama yako. Kumbe unacheza harusi."

"Ni kweli yote. Sasa mimi nitengeni hata miaka kumi. Lakini mama hana kosa. Siku yake ikifika…"

"Ameshazidiwa tena?"

Othmar alifungua mdomo. Alikuwa amekuja kusema hasa hilo, kwamba safari hii ni kweli, kwamba pumzi inapiga filimbi. Akaona jinsi litakavyosikika.

"Ana hali mbaya, Damiano. Haki ya Mungu."

"Pole yake." Damiano alisimama, mazungumzo yamekwisha. "Mama Hamphrey anasema una watu wengi kule kwenu. Mmoja eti ana mabawa. Basi huyo atafika haraka kuliko sisi wa miguu."

Othmar alimkokota beberu kurudi naye. Watoto waliokuwa wakicheza njiani waliwapisha, na mmoja akauliza kwa sauti, "Mbona mbuzi wao wamemkataa?" Mama yake akamziba mdomo.

*

Jumapili Bibi aliomba atolewe barazani. Walimbeba na mkeka wake, wakamwegemeza ukutani, wakamfunika blanketi. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Watu walikuwa wanatoka misa, wanapita mbele ya ua kama kawaida, na yeye akawa anawaita mmoja mmoja kwa jina. "Mansuetus! Mkeo kajifungua?" Mansuetus, jirani wa ng'ambo ya kijito, akasema, "Shikamoo bibi," akaongeza mwendo. Wanawake aliowasaidia kujifungua walimwamkia wakitazama miguu yao. Mama Hamphrey alipofika usawa wa ua, alisimama kabisa. Kisha akamwona Othmar nyuma ya mlango, akajifunika khanga vizuri, akapita.

Bibi aliitazama njia mpaka ikabaki tupu.

"Kwa hiyo ndivyo," alisema.

Eunice alipiga magoti mbele yake. Yeye alikuwa wa Mbamba Bay, mtoto wa Kinyasa, na siku moja kabla alikuwa amezungumza na kaka zake kwa simu. "Mama, twende kwetu ziwani. Kaka watakodi gari. Kule watu ni wengi, watakupokea, watakupikia wale samaki wetu, mbasa. Na ikitokea lolote, kijiji kizima kitakuja. Hawajui habari hizi."

"Wanizike kwenye mchanga?" Bibi alitabasamu, akamshika shavu. "Mwanangu una moyo mzuri. Lakini mume wangu yuko pale chini ya mibuni, na hawa ndio niliowazika wazazi wao. Nikizikwa na wasionijua, nimezikwa au nimefukiwa tu?" Akakohoa, wakamsubiri. "Msiniulize nani atakuja. Siku hiyo sikilizeni redio."

Othmar aliingia ndani. Alitaka kulivunja gitaa, akalishika shingoni, akaliinua, kisha akalipandisha juu ya dari kama alivyoagizwa mwanzo. Halafu alikaa kitandani kwa mama yake, palipokuwa na joto lake bado, akalia kwa sauti.

*

Ilikuwa Alhamisi, jua limeelekea magharibi, watu wametoka mashambani na wanaosha miguu. Glorious alikuwa amefika kwa basi la mchana, ameleta dawa. Bibi aliinywa, akamshukuru, akasema sukari ya chai imezidi. Kisha akavuta pumzi moja ndefu, wakaisubiri nyingine. Haikuja.

Eunice alimfumba macho. Othmar alisimama katikati ya chumba, mikono inaning'inia. Wa kwanza kupiga kilio alikuwa Glorious, akatoka nacho mpaka uani. Eunice akamfuata, wakaungana, kilio kikapanda mlimani na kushuka kijitoni. Halafu, bila kuambizana, wote wakanyamaza na kutega masikio.

Kwa Mansuetus redio ilikuwa inatangaza mpira. Kwa Damiano kulikuwa na nyimbo. Kwa Mama Hamphrey ilikuwa kwaya, na ilisikika wazi kwa kuwa upepo ulitokea huko.

"Hawajasikia," alisema Glorious. "Mama, labda hawajasikia."

"Lia tena."

Walilia tena. Eunice aliita majina safari hii, mwanamke kwa mwanamke, jina kwa jina.

Walisikia. Mama Hamphrey alikuwa jikoni kwake, mkono umeshika kitufe cha redio tangu kilio cha kwanza, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. Bibi Hildegardi ndiye aliyempokelea watoto wake wote sita. Mama Hamphrey alikuwa anasikiliza kwa Damiano. Kwa Damiano wakizima tu, naye atazima, atajifunga khanga, atakimbia. Damiano naye alikuwa mlangoni kwake, shingo ameielekeza kwa Mansuetus. Na Mansuetus, redio iko mapajani mwake, alikuwa anangoja asikie kwaya ya Mama Hamphrey ikikatika. Nyimbo za kwa Damiano zikaendelea. Mama Hamphrey akaondoa mkono.

Othmar alitoka nje. Alipita katikati ya mke wake na binti yake bila kuwatazama, akaenda nyuma ya nyumba, akachukua jembe. Udongo chini ya mibuni ulikuwa mkavu, na jembe la kwanza liliruka. Alilipiga la pili. Kote mlimani muziki ulikuwa unapigwa.